Mwana wa Cheyamani: jina la Kipolandi lililobaki Afrika Mashariki

(MUZIKI WA KUFUNGUA, SEKUNDE KUMI. UNASHUKA.)

MTANGAZAJI: Hamjambo nyote mnaotusikiliza Nakivale, Kyaka Mbili, Kyangwali, Rwamwanja na Kiryandongo. Hamjambo pia ninyi mnaosoma karatasi hii kwenye vikundi vya kusikiliza kwa sababu betri ya redio imekufa tena. Hiki ni kipindi chetu cha historia, na leo ninawaletea historia ya jina moja tu. Mkiona ninachelewa kulifikia, nivumilieni, nitalifikia.

Ninaongea nanyi kutoka Luzira, hapa Kampala. Ukimtajia mtu wa Kampala neno Luzira, kitu cha kwanza anachofikiria ni gereza. Cha pili ni bia. Cha tatu ni bandari, na bandari yetu inaitwa Port Bell. Nilipofika hapa mara ya kwanza, kwa Kiingereza changu cha sekondari, nilidhani kuna kengele kubwa mahali fulani ufukweni, nikaenda kuitafuta. Hakuna kengele. Bell lilikuwa jina la ukoo la mtu, Hesketh Bell, Mwingereza aliyeitawala Uganda kwa niaba ya serikali yake mwanzoni mwa karne ya 20. Aliondoka mwaka 1909. Jina likabaki kwenye bandari, kutoka bandarini likahamia kwenye chupa ya bia, na leo linatamkwa kila jioni na watu wasiojua kwamba wanamwita mtu.

Kwa hiyo jina la ukoo la mgeni linaweza kubaki mahali bila mtoto hata mmoja wa ukoo huo. Shikeni hilo, tutarudi kwake.

(SAUTI YA MAJI NA MASHUA. INASHUKA.)

Ukisimama Port Bell ukatazama ziwa, ufuo huohuo unaendelea upande wa mashariki mpaka wilaya ya Mukono, na huko kuna rasi inayoitwa Koja. Miaka zaidi ya themanini iliyopita pale Koja palikuwa na kambi ya wakimbizi. Wakimbizi wale hawakutoka Kongo, wala Sudan, wala Rwanda. Walikuwa Wazungu kutoka Poland. Kambi yao ya pili hapa Uganda ilikuwa Nyabyeya, karibu na Masindi, kando ya msitu wa Budongo. Ndugu zangu wa Kiryandongo na Kyangwali, hapo si mbali na kwenu.

Najua wengine wanacheka. Mzee mmoja pale nyumbani Kyangwali nilipomweleza habari hii alisema, "Mzungu akimbie aje kwetu? Binti, umeanza kunywa?" Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa Septemba 1939, Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi. Wiki mbili na siku chache baadaye, Urusi ya Kisovieti ikaivamia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940, wanajeshi wa Kisovieti waligonga milango usiku katika vijiji vya mashariki mwa Poland, wakawapa watu muda mfupi wa kufunga mizigo, wakawapakia kwenye mabehewa ya treni ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Mamia ya maelfu walichukuliwa hivyo. Walikata miti, walifanya kazi mashambani, na wengi walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa.

Juni 1941 Ujerumani ikaishambulia Urusi yenyewe, na mambo yakageuka. Mwezi uliofuata serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ikapatana na Wasovieti, Wapolandi wakaachiliwa. Jenerali Władysław Anders akaanza kuunda jeshi, na familia zikatembea kulifuata jeshi hilo kuelekea kusini. Mwaka 1942 zaidi ya watu laki moja, askari na raia, walivushwa bahari ya Kaspi hadi Uajemi, yaani Iran ya leo. Wanaume wakaenda vitani. Wanawake, watoto na wazee wakabaki na swali tunalolijua sote: sasa tupelekwe wapi?

Waingereza, waliokuwa wakitawala huku kwetu, wakawaleta kwa meli mpaka pwani, kisha kwa treni na malori mpaka bara. Karibu watu 19,000 waliwekwa katika makambi ya Afrika. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, Tanganyika, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Kidugala, Ifunda na Kondoa hukohuko Tanganyika, nyingine zilikuwa Kenya na zingine kule Rhodesia. Uganda ilipokea zaidi ya 6,000, Koja na Nyabyeya.

Walijenga nyumba za udongo zenye paa la nyasi. Walikuwa na shule zilizofundisha kwa Kipolandi, hospitali, maskauti, na pale Nyabyeya walijenga kanisa la mawe na matofali ambalo limesimama hadi leo na watu wanasali humo kila Jumapili. Kuna maandishi ya Kipolandi ukutani. Kando yake kuna makaburi, na juu ya makaburi kuna majina.

(KIMYA KIFUPI.)

Sasa tumefika kwenye jina. Linaandikwa hivi, msomaji wa kikundi awaonyeshe wenzake: Wójtowicz.

Msilisome kama lilivyo. Kipolandi kina herufi zake: W yao ni V yetu, Ó yenye mkwaju juu ni U, J ni Y, na CZ ni CH. Kwa hiyo tamka Vuy-to-vich. Tena, kwa pamoja: Vuytovich. Vizuri. Sasa mnalitamka kuliko makarani wengi waliowahi kuliandika.

Jina hili lina vipande viwili. Wójt ni mkuu wa kijiji. Neno lenyewe lilitoka Ujerumani, na Wajerumani walilipata kwenye Kilatini, ambako lilimaanisha mtu anayesimama kuwasemea wengine. Kuanzia karne ya 13 miji na vijiji vipya vilianzishwa Poland kwa sheria zilizotoka Ujerumani, na kila mahali papya palihitaji mtu wa kugawa viwanja, kuamua ugomvi na kukusanya kodi. Kule mjini huyo aliitwa wójt. Mpaka leo Poland mkuu wa kata ya vijijini anaitwa wójt, na anachaguliwa kwa kura. Kipande cha pili, -owicz, maana yake ni mwana wa fulani. Wójtowicz ni mwana wa mkuu wa kijiji. Kwa lugha ya Uganda hapa, mwana wa cheyamani.

Majina mengi ya kule yalizaliwa namna hiyo. Kowalski linatoka kwenye kowal, mhunzi. Wiśniewski ni mtu wa mahali panapoitwa kwa jina la mti wa matunda madogo mekundu. Lakini linalonifurahisha kuliko yote ni Nowak, jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote nchini Poland, wapatao 200,000. Maana yake ni mpya, mgeni aliyefika juzi. Mtu alihamia kijijini miaka mia tano iliyopita, majirani wakamwita "yule mpya", na wajukuu wa wajukuu zake bado wanaitwa wapya. Mnaokaa pale mapokezi ya wageni wapya, mnaona mambo hayo?

Wengi wao hawakuwa na jina la ukoo lisilobadilika tangu zamani. Waungwana walikuwa nayo mapema. Mkulima wa kawaida angeweza kuitwa mwana wa wójt leo, na kesho, akihama, akaitwa yule mpya. Kilichoyagandisha majina ni serikali. Mwishoni mwa karne ya 18 Austria, Prussia na Urusi ziliigawana Poland yote mpaka ikafutika kwenye ramani. Watawala wapya walitaka kodi, walitaka vijana wa jeshi, na huwezi kumtoza kodi mtu anayebadilika jina kila akihama. Karani akaja na daftari: jina lako nani? Mwana wa wójt. Akaandika, na ikawa hivyo milele.

Watu wa Kongo hawana haja ya kwenda mbali kuelewa hilo. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru raia wa Zaire waache majina ya Kizungu ya ubatizo, na babu zetu wakarudi kuandikishwa upya. Ndipo ikatokea hiyo postinomu tunayoihangaikia tukifika Uganda, kwa sababu fomu ya Uganda haina kisanduku cha postinomu.

(MUZIKI MFUPI.)

Nitawaambia kwa nini jina hili la mbali limenishika.

Mimi ni Mnande. Mwaka 2013, nikiwa na miaka 11, vita viliingia Kamango, tukavuka mpaka kwenda Bundibugyo. Kwetu mtoto hapewi jina la baba. Anapewa jina la zamu yake ya kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira. Baba yangu ni Kasereka. Mama ni Masika. Kaka yangu ni Kambale. Mimi ni Kavira. Watu wanne wa nyumba moja, majina manne, hakuna linalofanana na lingine, na kwetu hakuna mtu anayeshangaa.

Siku tuliyoandikishwa, mahali ambapo sitapataja, tulimkuta karani mpole sana. Alikuwa anaijua lugha yetu, kwa sababu ng'ambo hii ya mpaka kuna Wakonzo, ambao ni ndugu zetu kabisa na wana majina hayahaya. Ila wao wanayasema kwa namna yao. Paluku wetu ni Baluku wao. Kambale ni Bwambale. Kasereka ni Masereka. Na Kavira ni Biira. Yule karani aliniuliza jina, nikasema Kavira, akatabasamu, akaandika Biira. Hakukosea kwa ubaya. Alinitafsiri. Kaka yangu alikwenda kwenye meza nyingine, kwa mtu asiyejua Kinande, naye akaandikwa Kambale kama alivyosema.

Leo kaka yuko Canada na anataka kutuita. Kwenye faili lake dada yake ni Kavira. Kwenye karatasi yangu ya familia mimi ni Biira. Na mtu anayesoma faili hizo anauliza swali ambalo kwake ni la akili kabisa: ikiwa hawa ni ndugu wa baba mmoja, mbona hakuna hata mmoja mwenye jina la baba?

Sasa sikilizeni ilivyokuwa kwa Wapolandi wa wakati ule. Baba ni Wójtowicz. Mke wake, kwa desturi ya zamani, ni Wójtowiczowa. Binti yake ambaye hajaolewa ni Wójtowiczówna. Kwa majina yenye -ski, baba na kaka ni Kowalski, mama na dada ni Kowalska. Mpolandi akisoma hayo anaona familia moja. Mwingereza mwenye orodha na kalamu anaona watu watatu wasiojuana. Nilipolijua hilo nilikuwa nimekaa peke yangu hapa studio, na nikacheka kwa sauti mpaka fundi mitambo akachungulia.

Jina likisafiri zaidi linachakaa zaidi. Mashine ya kuandika ya Kiingereza haikuwa na Ó yenye mkwaju, kwa hiyo Wójtowicz likawa Wojtowicz, na Mwingereza akalitamka atakavyo. Upande wa Ukraine, ambako watu walichanganyika na Wapolandi kwa karne nyingi, jina hilohilo ni Voitovych. Kwa Waslovakia ni Vojtovič. Kama Kambale na Bwambale: mlima mmoja, njia mbili za kuupanda.

Na ni jina la wangapi? Poland lina watu maelfu, wengi wao kusini na kusini-mashariki. Liko pia Marekani na Canada. Lakini huku Afrika Mashariki ni adimu sana, na sababu zake hazina fumbo.

Vita vilipoisha mwaka 1945, Wapolandi wa makambini waligundua kwamba vita vimeisha bila wao. Mashariki mwa Poland, kule walikotolewa, kulipewa Urusi. Kijiji cha mtu kilikuwepo, ila kilikuwa katika nchi nyingine. Poland iliyobaki ilikuwa chini ya Wakomunisti, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuona Siberia. Wachache walirudi. Wengi walikataa, wakasubiri miaka mitatu, minne, mitano, huku maofisa wakizunguka makambini na fomu. Waliokuwa na mume au baba katika jeshi lililopigana pamoja na Waingereza walichukuliwa Uingereza. Wengine walikwenda Australia na Canada. Mwaka 1949 watoto yatima zaidi ya mia moja wa Tengeru walipelekwa Canada. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 makambi yalikuwa yamekwisha.

Halafu kumbukeni kwamba walikuja huku wanawake na watoto. Jina la ukoo kule linapita kwa mwanamume. Mwanamke wa Kipolandi aliyeolewa huku na kubaki, jina lake la kuzaliwa liliishia kwake. Ndiyo maana majina ya Kipolandi yako mengi kwenye makaburi ya Koja, Nyabyeya na Tengeru, na karibu hayapo kabisa kwenye daftari la shule yoyote ya jirani. Pale Tengeru pekee kuna makaburi karibu 150. Yanatunzwa vizuri, na ardhi ya kambi siku hizi ni ya chuo cha mifugo.

Karibu hayapo, nimesema. Tengeru alibaki mtu mmoja. Alikuja na wakimbizi akiwa kijana, wenzake wakaondoka, yeye hakuondoka. Aliishi Tanzania mpaka uzee, wageni kutoka Poland wakawa wanapita kumsalimia, na waandishi wakamwita Mpolandi wa mwisho wa Tengeru. Alifariki katika miaka ya 2010 na akazikwa palepale, pamoja na wale waliokufa akiwa kijana. Jina lake lilikuwa Edward Wójtowicz. Mwana wa cheyamani.

Nilipoliona jina hilo, kabla ya kujua maana yake, niliwaza tu kwamba ni gumu. Sikujua kwamba mtu aliyebaki nyuma, wa mwisho kufunga mlango wa kambi, alikuwa anabeba jina la mkuu wa kijiji.

Kuna jina lingine la Kipolandi ambalo Uganda halijasahaulika, na lenyewe ni adimu hata kwao Poland. Błeńska. Ile Ł yenye mkwaju inasomwa kama W yetu, sema Bwenska. Daktari Wanda Błeńska hakuwa mkimbizi wa makambi hayo. Alikuja Uganda makambi yakiwa yanafungwa, na kuanzia mwaka 1951 akawatibu wagonjwa wa ukoma pale Buluba, upande wa Busoga, kwa miongo minne hivi. Alirudi Poland akiwa mzee na akafa mwaka 2014 akiwa na miaka 103. Hakuacha mtoto. Jina lake limebaki Buluba kama la Bell lilivyobaki hapa bandarini, ingawa mimi nikiambiwa nichague mojawapo sitachukua muda mrefu.

(MUZIKI UNAPANDA KIDOGO, UNASHUKA.)

Kabla sijaaga, mambo ya kwetu. Wengi mmetuma ujumbe mkiuliza kuhusu majina yaliyoandikwa vibaya, na mimi mwenyewe nimo kwenye foleni hiyo, kwa hiyo nawaambia ninachofanya, si zaidi. Nimetafuta karatasi ya zamani kuliko zote niliyo nayo yenye jina Kavira, na kwangu ni kadi ya ubatizo iliyokunjwa mpaka ikawa na matundu. Nimeipiga picha, na ile ya asili siiachi mezani kwa mtu. Nimeomba wazee wawili wa Kinande waandike na kusaini maelezo ya namna majina yetu yanavyotolewa kwa zamu, na kwamba Kavira na Biira ni jina moja. Na karatasi mpya yoyote ninayopewa, naisoma herufi kwa herufi kabla sijasaini, hata kama nyuma yangu watu wanasukumana na karani amekunja uso. Mkiitwa kuhakikiwa, fanyeni hivyo kwa majina ya watoto pia, maana mtoto hawezi kujisemea.

Kitu kimoja bado. Wameniambia nilete barua ya cheyamani wa hapa Luzira, athibitishe kwamba ananifahamu na kwamba majina yote mawili ni yangu. Nimekwenda kwake mara mbili, sikumkuta. Jana nilimkuta mwanawe, kijana wa shule, anafua viatu nje ya mlango. Akaniambia baba yuko kwenye mazishi Mukono, nirudi Alhamisi asubuhi na mapema. Akaniuliza niandike jina langu ili amwambie baba. Nikaandika Kavira, nikaweka mkwaju, nikaandika Biira. Akasoma yote mawili kwa sauti, bila kukosea, akaenda nayo ndani.

Viongozi wa vikundi, tuandikieni: kwenu nani jina lake lilibadilika mpakani, na likawa nani? Tutayasoma wiki ijayo, kwa wale mtakaoturuhusu. Kwa leo ni mimi, Kavira, kutoka Luzira.

(MUZIKI WA KUFUNGA.)